Grini ya tano ilitobolewa Aprili

Simu iliingia wiki ya kwanza ya Juni. Aliyepiga ni msimamizi wa kiwanja kidogo cha gofu, cha mashimo tisa, kilichoko ufukweni nje kidogo ya jiji la Mwanza. Hakuzunguka. "Kaka, grini ya tano imekufa. Njoo uione kabla wenye kiwanja hawajaiona."

Nilifika kesho yake alfajiri. Shimo la tano liko bondeni, chini ya kilima cha mawe, na kutoka kwenye bendera hadi maji ya ziwa ni kama hatua themanini. Nusu ya grini ilikuwa na rangi ya gunia. Sehemu nyingine palikuwa na utando wa kijani unaoteleza, ule unaouona kwenye ukuta wa tangi linalovuja. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha siku sita nyuma, lakini nilipokanyaga, maji yalichuruzika pembeni mwa kiatu.

Kwa asiyecheza gofu, grini ni lile duara la majani mafupi mno kuzunguka shimo, mahali ambapo mpira hauruki tena bali unabingirishwa. Shimo lina upana wa milimita 108, na mpira mdogo kabisa unaoruhusiwa una milimita 42.67. Kwa vipimo hivyo hata kokoto moja inaweza kuharibu pigo, ndiyo maana grini hukatwa kila siku, hushindiliwa na rola, na hukanyagwa na kila mchezaji kwa sababu wote huishia hapo. Kiwanjani hakuna kipande kingine kinachobebeshwa mzigo kama huo. Chembe za udongo husogeleana, nafasi za hewa kati yake hupotea, na mizizi, ambayo inahitaji kupumua kama sisi, hupanda juu kutafuta hewa. Ndipo watunzaji huutoboa udongo: maelfu ya matundu membamba, kisha mchanga hujazwa humo ili hewa na maji vipate njia ya kudumu.

Kwa hiyo kutoboa grini ni jambo jema, tena la lazima. Hapa Mwanza ilitobolewa, ikafa. Nataka kueleza ilikuwaje, kwa sababu nimeona kosa hilohilo, kwa sura nyingine, kwenye viwanja vya mpira vya shule na kwenye bustani za hoteli za ufukweni.

Ratiba iliyobandikwa mlangoni

Nilipouliza kilichofanyika, msimamizi alinipeleka stoo. Mlangoni palibandikwa karatasi: ratiba ya kutunza grini mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, imetafsiriwa kwa Kiswahili safi kabisa. Penye Aprili paliandikwa: toboa grini zote, mwaga mchanga, weka mbolea. Wameifuata neno kwa neno. Kampuni ya bustani iliyopewa kazi ililetwa wiki ya pili ya Aprili, ikaanza na grini nne, ikiwemo ya tano.

Ratiba ile haikuwa ya uongo. Ilipoandikiwa, ni ratiba nzuri. Uingereza na majimbo ya kaskazini ya Marekani yana nyasi za jamii ya Agrostis na Poa, nyasi za baridi ambazo mizizi yake hustawi udongo ukiwa na joto la nyuzi 10 hadi 18 hivi. Majira ya baridi nyasi hizo hulala. Machi na Aprili udongo huanza kupata joto, mizizi huamka, na matundu yaliyotobolewa wakati huo huziba ndani ya wiki mbili tatu. Mtunzaji wa kule hutumia mwamko huo kama daktari anavyosubiri mgonjwa apate nguvu ndipo ampasue. Kwa hiyo "Aprili" kwenye karatasi ile si jina la mwezi tu. Maana yake ni: majani yako yameamka, udongo una unyevu wa kiasi, na mbele yako kuna wiki nyingi za kukua.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini ya Ikweta. Urefu wa mchana wetu haubadiliki kwa maana. Hakuna baridi ya kulaza majani. Kinachoyalaza hapa ni kiu ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, na kinachoyaamsha ni mvua za vuli, Oktoba na Novemba. Aprili kwetu ni katikati ya masika: mawingu, udongo umeshiba, na mvua inaweza kupiga usiku tatu mfululizo.

Halafu kuna majani yenyewe. Grini zile ni za ukoka. Ukoka ni wa kwetu, hakuna mtoto wa Kanda ya Ziwa asiyewahi kuung'oa shambani na kuukuta umerudi. Ukoka wa Afrika ulivuka bahari, na huko Tifton, Georgia, wataalamu wakachanganya aina mbili za ukoka na kupata Tifgreen, iliyotolewa mwaka 1956, na baadaye Tifdwarf mwaka 1965. Grini nyingi za nchi za joto zimepandwa hizo au wajukuu zake. Ukoka hupenda jua kali na joto la nyuzi 27 hadi 35. Hata Georgia kwenyewe mtunzaji makini haitoboi grini ya ukoka mwanzoni mwa machipuo. Husubiri mpaka imekuwa kijani yote na inakimbia, yaani Mei mwishoni na kuendelea. Kwa hiyo ratiba ya mlangoni ilikosea mara mbili: haikuwa ya mahali hapa, na haikuwa ya majani haya.

Mzee aliyesema kabla

Kiwanjani pale kuna mzee aliyefanya kazi tangu grini zinajengwa. Vijana wote humwita Babu, nami nikamwamkia hivyohivyo, "Shikamoo Babu," akaitikia huku macho yake yakiwa chini, kwenye ukoka. Nikamwuliza alionaje siku ile ya Aprili.

"Mwanangu, nilichukua udongo nikaufinya hivi." Akakunja kiganja. "Ukakaa kama tonge la ugali. Ukiuacha, unabaki vilevile. Nikawaambia hawa, udongo ukishika kama tonge, usiuguse. Wakanionyesha karatasi."

Kipimo kile cha Babu ndicho ningeanza nacho mimi mwenyewe. Udongo wa kichanga wenye unyevu wa kufaa ukiufinya hushikana, na ukiugusa kwa kidole huvunjika. Ukikaa kama tonge, hasa ukiwa na mfinyanzi ndani yake, kila chuma kinachoingia hupaka ukuta wa tundu kama kidole cha mfinyanzi kinavyolainisha chungu. Ukuta ule ukishalainishwa, maji hayapenyi tena. Na kampuni ile ilitumia meno mazima, yaani misumari minene isiyo na uwazi ndani, ambayo haitoi udongo wowote bali huusukuma kando. Kwenye udongo mkavu wa kichanga meno mazima yana kazi yake. Kwenye tonge la ugali yanajenga visima vidogo elfu na elfu, visivyo na mlango wa chini.

Usiku ule mvua ilinyesha. Visima vikajaa. Kwa kuwa karatasi ilisema mwaga mchanga, kesho yake ulimwagwa mchanga mweupe laini uliochotwa ufukweni, ukakaa juu ya maji kama uji.

Kisu

Hapo ndipo kisa kingeweza kuishia: walitoboa wakati wa masika, na kwa meno yasiyofaa. Msimamizi alitaka niandike hivyo na kuondoka. Lakini grini ya kwanza ilitobolewa wiki ileile, na watu walewale, kwa mashine ileile, na ilikuwa na mabaka tu, haikufa. Tofauti ilikuwa chini ya ardhi.

Tulikata kipande cha mraba, pande zake kama urefu wa kiganja, kwa panga lililonolewa, tukakiinua kwa chepe na kukilaza ubavu juani. Kitu hiki kila mtunzaji anaweza kukifanya bure, na sijui kwa nini tunakifanya mara chache hivi. Juu kabisa palikuwa na tandiko: mashina makavu na mizizi iliyokufa iliyoshikamana kama sponji la kuogea, unene wake zaidi ya sentimita mbili. Ukilibonyeza linatoa maji. Chini ya tandiko palikuwa na mstari mweupe wa mchanga laini, halafu udongo wa kahawia kama sentimita tatu, halafu mstari mwingine wa mchanga laini, wa mwaka mwingine. Chini ya hapo udongo ulikuwa wa kijivu unaoelekea kuwa mweusi. Nikaupeleka puani. Ulinuka yai viza.

Harufu ile ni ya gesi inayotolewa na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa. Ukiisikia, jua kwamba maji yamekaa pale muda mrefu, wiki na miezi, si siku sita. Mizizi yote ilikuwa ndani ya sentimita tatu za juu. Ilipofika kwenye mstari wa kwanza wa mchanga ilikuwa imepinda na kwenda ubavu, rangi ya chai. Hakuna mzizi mweupe hata mmoja uliovuka.

Kisha tukapima mwendo wa maji. Tulikata kitako cha kopo la maziwa ya unga, tukaligongomea ardhini sentimita tano, tukajaza maji yenye kimo cha sentimita tano nyingine, tukaangalia saa. Kwenye grini ya sita, iliyo juu mteremkoni, maji yaliisha ndani ya dakika kumi na nne. Kwenye ya tano tulisubiri, tukaenda kunywa chai, tukarudi. Baada ya saa mbili maji yalikuwa yameshuka chini ya sentimita moja.

Mtu aliyekulia Usukumani anaweza kuueleza mteremko ule bila maabara. Juu ni mawe ya granaiti. Yanapochakaa na kumomonyoka hutoa luseni, udongo wa kichanga mwepesi. Mvua huchukua chembe ndogo zaidi na kuzishusha, miaka na miaka, mpaka bondeni unakuta mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliuelezea mpangilio huu wa udongo kufuata mteremko na kuupa jina linalotumika duniani kote mpaka leo, katena. Wakulima wetu walikuwa wameshaupa majina yao zamani. Grini ya sita imekaa kwenye luseni. Ya tano imejengwa mlangoni mwa mbuga, na hao waliotoa ratiba moja kwa mashimo yote tisa hawakuwa wameshuka mteremko huo kwa miguu.

Bomba lililozama

Lakini hata mbuga ilikuwa imefikiriwa na waliojenga. Babu alisema chini ya grini ya tano lilitandazwa bomba la kutoa maji, na yeye mwenyewe alichimba mtaro wake. "Linatokea kule kwenye matete," akaonyesha.

Tukaenda. Tulikuta matete na maji. Bomba halikuonekana. Kijana mmoja akavua viatu, akaingia mpaka magotini, akalipapasa na kulipata likiwa limezama, mdomo wake umejaa tope.

Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanaikumbuka 2020. Mei mwaka ule ziwa lilipanda likapita kimo chake cha 1964, ambacho wazee walikuwa wakikitumia kama mfano wa mwisho wa mafuriko, na nyumba, mialo na barabara za ufukweni vikaingia maji. Mwaka 2024 likapanda tena. Mdomo wa bomba lile uliwekwa juu kidogo tu ya maji ya zamani. Ziwa lilipoufunika, maji ya grini yalikosa pa kutokea, na kila masika tope la ziwa likaingia bombani. Wenye kiwanja walikuwa wameona ufuo ukisogea, wakahamisha njia ya miguu na mabenchi. Bomba halionekani, hivyo halikukumbukwa.

Hapa ndipo maoni yangu yalipobadilika. Hata kama Aprili ile wangesubiri udongo uwe sawa, wakatumia meno yaliyo sahihi na mchanga ulio sahihi, grini ya tano ingeumwa tena mwaka uliofuata. Tundu la sentimita nane linashusha maji sentimita nane. Baada ya hapo yanahitaji kwenda mahali. Kutoboa grini isiyo na njia ya maji ni kutoboa ndoo juu ukitegemea ivuje chini.

Kiangazi cha kusubiri

Wenye kiwanja walitaka itobolewe upya Julai, kwa sababu Agosti kulikuwa na wageni. Nilikataa, na mazungumzo hayakuwa mepesi. Julai udongo umekauka, upepo wa ziwa unakausha zaidi, na ukoka haukui kwa haraka ya kuziba jeraha. Kama wangekuwa na pampu ya kumwagilia kila jioni, ningekubali mwishoni mwa Juni, kwa kuwa jua limerudi na ardhi bado ina unyevu wa masika. Pampu yao ilitosha grini mbili. Kwa hiyo tukakubaliana: kiangazi ni cha mtaro, vuli ni ya matundu. Wageni wa Agosti walichezea shimo la muda, lililokatwa mbele ya grini kwenye majani ya kawaida.

Mtaro ulichimbwa Julai na Agosti, wakati mbuga imekauka na haishiki chepe. Hatukurudi kwenye matete. Tulilikata bomba la zamani mita ishirini na tano kabla ya ziwa na kulielekeza kwenye mfereji wa wazi ulio ubavuni, juu ya kimo cha maji ya 2024, ambacho alama yake bado iko kwenye mawe. Mteremko tuliupima kwa mpira mwembamba wa maji, kama mafundi ujenzi wanavyotafuta usawa: sentimita moja kwa kila mita. Bomba jipya la matundu likalazwa juu ya kokoto, likafunikwa kokoto. Sehemu ya zamani tuliisukuma kwa maji na mianzi mpaka tope likatoka.

Wakati huohuo mambo mawili yasiyo na gharama yalifanyika. Rola iliwekwa stoo. Na mashine ya kukatia, iliyokuwa imeshushwa mpaka milimita nne kwa sababu wachezaji wanataka mpira ukimbie kama wanavyoona kwenye televisheni, ikapandishwa hadi nane. Ukoka wa kienyeji haukuzaliwa kukatwa milimita nne. Ukinyimwa jani unakosa chakula cha kulisha mzizi. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya tone la mvua, mabaka ya gunia yalikuwa yameanza kuvamiwa kutoka pembeni na vikonyo vyembamba.

Mchanga ndio ulionipa kazi kubwa kuliko nilivyotegemea. Kila mtu alileta toroli la mchanga "mzuri". Viwango vinavyotumiwa na wajenzi wa grini wa Marekani vinataka angalau asilimia 60 ya mchanga iwe ya chembe za kati ya robo milimita na milimita moja, na vumbi na mfinyanzi viwe kidogo sana. Hatukuwa na machekeche ya maabara. Tulikuwa na chupa za maji. Unatia mchanga robo chupa, unajaza maji na chumvi kidogo, unatikisa, unaiweka chini. Mchanga wa ufukweni ulitua vizuri, maji yakabaki meupe, na mtu angeuchagua kwa usafi wake. Lakini ukiusugua kati ya vidole ni laini kama unga wa sembe, na ulaini huo ndio mistari miwili tuliyoiona kwenye kipande cha udongo: chembe ndogo hushikilia maji kati yake na kuyakatalia kushuka. Tena kuuchota kunaufungua ufuo kwa mawimbi. Tulichagua mchanga wa kujengea, ule mkali unaokwaruza, tukauchekecha kwa wavu wa madirisha kutoa changarawe, tukauosha mara mbili kwenye pipa mpaka chupa ya majaribio ikaacha maji unayoweza kuona kidole upande wa pili. Ukaanikwa na kufunikwa kwa turubai. Mchanga wenye maji hauingii tunduni, unakaa mdomoni na kuziba.

Siku tatu za Novemba

Meno mapya yalitengenezwa na fundi wa kuchomelea Mabatini: uma tatu, kila mmoja na mabomba manne ya chuma yenye kipenyo cha nje cha milimita 16, yamechongwa ncha, na uwazi ubavuni wa kutokea udongo. Bomba lenye uwazi hutoa kizibo cha udongo na kukitupa juu, halikandamizi. Kwenye mfinyanzi sikubali kingine.

Nilimpigia msimamizi hesabu kwanza ili asishtuke. Grini ina mita za mraba 300. Matundu yakiwa sentimita tano kwa tano, ni 400 kila mita ya mraba, jumla 120,000. Mabomba manne kwa pigo, mapigo 30,000. Uma tatu, mapigo kumi kwa dakika kila mmoja, ni dakika 1,000, karibu saa 17. Ukigawa kwa asubuhi, kabla jua halijakaza, ni siku tatu. Kila tundu la kina cha sentimita nane linameza sentimita za ujazo 16 za mchanga, yaani lita 6.4 kwa mita ya mraba, karibu lita 1,900 kwa grini nzima. Toroli letu linabeba lita 60. Matoroli thelathini na mawili, yasiyopungua. Aprili walikuwa wamemwaga manane.

Mvua ya tatu ya vuli ilinyesha usiku wa Jumapili. Jumatatu Babu akafinya udongo: ukashika, akaugusa kwa dole gumba, ukavunjika. Hakusema neno, alichukua uma.

Ukimtazama mtu anayejua, kazi hii ina mwendo wake. Mguu juu ya kipande cha chuma, uzito wa mwili, bomba linazama kwa sauti ya kitu kinachomezwa, kisha uma unavutwa wima bila kutikiswa, kwa sababu ukiutikisa unachana mdomo wa tundu na majani yanainuka kama kipande cha zulia. Vizibo vinne vinaruka. Siku ya kwanza nilivipanga kadhaa kiganjani: juu kahawia, katikati mstari mweupe, chini kijivu, kama kipande cha keki. Vyote vilikusanywa kwa reki na kutolewa nje. Kwenye udongo wa kichanga ungeweza kuvivunja na kuvirudisha, ila huu wa kwetu ndio tuliokuwa tunaufukuza.

Nyuma yao walikuja vijana wenye mchanga mkavu na mafagio. Walidhani wamemaliza pale matundu yalipofichika. Babu akaja na kijiti chenye alama ya sentimita nane, akachomeka tundu moja, kijiti kikashuka nusu. Mchanga ulikuwa umefanya daraja mdomoni. Akawaonyesha kufagia kwa kuzungusha, kisha kukoroga kidogo kwa kijiti, kisha kufagia tena. Tundu lisilojazwa mpaka mdomoni hubomoka mvua ya kwanza, na jasho la siku tatu linakuwa limepotea. Walirudia eneo lote la siku ile.

Jioni ya siku ya tatu tulimwagilia, na asubuhi iliyofuata tukatia urea gramu tano kwa mita ya mraba, kilo moja na nusu kwa grini nzima, imeyeyushwa kwenye maji na kufuatiwa na maji mengine ili isiunguze majani. Wiki moja baadaye kiasi hichohicho tena. Kuna wanaotaka kumimina kilo tatu siku moja, wapate kijani cha haraka. Kwenye grini iliyojeruhiwa sishauri.

Siku ya kumi kila tundu lilikuwa na pete ya kijani iliyokolea kuzunguka doa la mchanga. Siku ya ishirini na mbili bendera ilirudishwa.

Machi

Januari tulirudia kipimo cha kopo, maji yakaisha kwa dakika thelathini na tano. Si dakika kumi na nne za grini ya sita, na haitafikia huko karibuni. Kwa tundu la milimita 16 kila sentimita tano, unabadilisha asilimia 8 tu ya uso wa udongo. Ukifanya mara mbili kwa mwaka, vuli inapoanza na tena mwishoni mwa Juni kama pampu ya pili itanunuliwa, na ukizingatia kwamba matundu mengine yataangukia yale ya zamani, miaka mitatu inakupa karibu asilimia 40. Wenye kiwanja niliwaeleza hivyo kwa hesabu hiyohiyo, kwa sababu mtu aliyeahidiwa grini mpya kwa Krismasi atakufukuza Februari.

Kuna kosa langu pia humu. Nilishughulikia ya tano kwa sababu ndiyo iliyokuwa inalia, nikaiacha ya saba bila kuikata kwa kisu mpaka Februari. Nayo iko bondeni, na bomba lake lilienda kwenye matete yaleyale. Ningekata vipande tisa siku ileile ya Juni, tungechimba mitaro miwili kwa gharama ya vibarua iliyokaribiana na ya mmoja.

Wiki ya pili ya Machi, masika yalipoanza, tulikata kipande kingine kwenye grini ya tano. Tandiko lilikuwa limepungua kufikia sentimita moja na nusu. Ndani ya zile nguzo za mchanga kulikuwa na mizizi myeupe, minyoofu, mingine imeshuka sentimita tisa, ikapita kitako cha tundu na kuingia kwenye udongo wa kijivu. Babu alivuta mmoja taratibu kwa vidole viwili mpaka ukakatika, akaupima kwa kijiti chake. Chini zaidi, kama sentimita kumi na mbili, weusi ulikuwa bado upo. Ulinuka, ila ilibidi kuinama ndipo uisikie harufu.

Mtaro wa grini ya saba utaanza Julai, mbuga ikishakauka.